Bibi Yako Hakunifukuza

Ineza mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga wenzako kule ufukweni, na baba yako yuko uani anafunga begi lako kwa kamba ingawa zipu yake ni nzima. Yeye ameshakuambia yote ya safari: mahali pa kubadilishia pesa ukifika Rusumo mpakani, mtu wa kumkubalia akubebee mzigo na wa kumkatalia, sweta la kuvaa kwenye basi. Mimi sitayarudia. Nimebakiwa na jioni hii moja, na jambo moja ambalo nimelikwepa karibu maisha yako yote.

Nilitaka kukuambia kwa mdomo. Jumapili, tulipotoka kanisani tukateremka kwa miguu hadi ziwani, nilikuwa nimeshaliandaa neno la kwanza. Ukanishika bega, ukaniambia kwamba kazi yako ya kwanza huko chuoni itakuwa filamu fupi juu yangu, mwanamke aliyefukuzwa na mama yake akaja ugenini akaanzisha redio. Nikacheka. Nikakuambia utafute mtu wa maana zaidi. Ukasema hayupo. Lile neno la kwanza nikalimeza.

Ndiyo maana naandika, na naandika kwa Kiswahili. Kinyarwanda changu unakijua, umekicheka tangu ulipoanza shule. Lakini sababu kubwa ni nyingine. Kiswahili ndiyo lugha niliyokudanganyia, na naona ni haki nikuambie ukweli kwa lugha hiyohiyo.

Bibi yako hakunifukuza.

Hakunifukuza, hakunifungia mlango, na siku niliyoondoka hakukuwa na mvua. Sasa nisikilize nikueleze ilivyokuwa, maana keshokutwa utakuwa Mwanza, na kutoka Mwanza mpaka kwetu Sengerema siku hizi ni daraja tu. Huko kuna watu wanaojua. Ningeona aibu zaidi kama ungesikia kutoka kwao.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo. Baba yako alikuwa kijana wa lori. Kwao walikuwa wameishi Tanzania miaka mingi kabla ya kurudi Rwanda, na yeye alikuwa bado anakuja kwetu kuchukua mchele. Hayo unayajua, amekusimulia mwenyewe, na hajawahi kuongeza chumvi. Mimba yako ilipoonekana, mama yangu alikuwa ametoka kazini. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi, anapika uji na makande kwenye masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani. Alikaa kwenye kizingiti cha jikoni, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Hilo ndilo lilikuwa swali lake. Baadaye alisema nijifungue pale nyumbani, na kijana aje na wazee wake kwa utaratibu. Wala halikuwa jambo geni kwake. Wasichana wa watu waliopata mimba wakafukuzwa makwao walikuwa wanaletwa kwa mama yangu. Tangu nikiwa mdogo nimelala chumba kimoja na wasichana wa namna hiyo. Wanakaa mpaka wajifungue, hasira za wazazi zikipoa wanarudishwa. Hakuna aliyemlipa. Kwetu mtu akiona binti anazunguka na mzigo wake barabarani, anamwelekeza kwa mama yetu.

Mimi ndiye niliyekataa. Niliona aibu kukutana na wenzangu wa shule kisimani na tumbo langu. Nilikuwa nimezoea kuwa wa kwanza darasani, na sasa ningekuwa mmoja wa wale wasichana wa chumba cha nyuma. Mama akanibembeleza siku nyingi. Siku moja nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nikiwa peke yangu, naongea kwa sauti ili yapite. Nilimwambia sitaki kuishi maisha ya moshi kama yake. Nikamwambia yeye amezoea kupikia watoto wa watu, hajui kwamba wengine tunataka kwenda mahali.

Mama akasema, "Kama hapa hapakutoshi, nenda. Lakini mimi sikutumi."

Uyashike maneno hayo, nusu zote mbili, nitakuambia nilivyoyafanya.

Niliondoka asubuhi ya jua kali. Alinisindikiza mpaka stendi, akaninunulia machungwa, akaniwekea mfuko wa michembe dirishani, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo wewe ulikuwa unaviita biskuti za Bibi. Mdogo wangu, mama yako mdogo Tabu, alikuwa analia. Mama hakulia. Alisimama palepale mpaka basi likakata kona.

Na ulipozaliwa hapa Gisenyi, alikuja. Hilo nalo hukuambiwa. Aliomba ruhusa shuleni, akapanda mabasi ambayo hakuwa amewahi kuyapanda, akafika kwenye kile chumba chetu cha kupanga, Rwanda haijui, Kinyarwanda hakijui. Nilishikwa na homa ya uzazi. Wewe ulilala kifuani kwa Bibi kabla hujakizoea kifua changu. Alinikanda kwa maji ya moto, alikuogesha, alikufundisha kucheka. Alipoona naweza kusimama na kukubeba, akarudi kwenye masufuria yake.

Baada ya hapo ndipo maisha yangu unayoyajua yakaanza, na sehemu kubwa ya hayo ni kweli. Baba yako alikuwa njiani wiki hadi wiki. Mimi nilikuwa mgeni. Kila nilipofungua mdomo mtu aliniuliza, "Ukomoka he?" Natoka wapi. Waliorudi kutoka Tanzania tulielewana, lakini sokoni watu walikuwa wanaongea Kiswahili cha Goma, nao walikuwa wananisikiliza kama mtu anayesoma kitabu. Mwenye duka moja la magodoro alikuwa ameweka kipaza sauti mlangoni, anatafuta mtu wa kuwaita wateja wanaovuka kutoka Congo. Nilichukua kazi hiyo na wewe mgongoni. Jirani wa duka hilo alikuwa Furaha, huyu unayemwita tantine kama shangazi wa damu, alikuwa anauza vitenge. Alinisikiliza asubuhi nzima, kisha akaja akaniambia, "We Mama Ineza, unasema sawa redio. Sauti yako iko muzuri. Ila Kiswahili yako inatupita juu ya kichwa."

Ni yeye aliyenifundisha kuongea watu wakanielewa. Ni yeye pia aliyesema tuwatumie wanawake wa mpakani ujumbe wa sauti kwenye simu: foleni ya kuvukia Goma pale Grande Barrière ikoje, nyanya zinauzwaje upande wa pili, mvua imeharibu barabara ya wapi. Wakulima wa viazi wa Nyakiriba wakaanza kutuma habari zao, wa Kanzenze wakafuata. Wenye maduka wakataka watajwe. Tukahamia kwenye chumba cha nyuma ya nyumba ya Furaha, tukabandika magodoro ukutani ili majogoo wa jirani wasisikike, na majogoo wakasikika vilevile. Ulikulia humo. Ulijua kunyamaza taa nyekundu ikiwaka kabla hujajua kufunga viatu.

Ningeweza kusimulia hayo tu, na yangetosha. Naliona leo.

Ulikuwa umeanza shule pale lilipokuja shindano la wanawake wenye biashara, kwenye hoteli moja kando ya ziwa. Waliokuwa wanahukumu walitoka Kigali, na wengine ng'ambo. Nilikuwa nimejitayarisha. Nikaeleza wasikilizaji wetu ni akina nani, matangazo tunayapataje, tunataka nini. Mmoja wa majaji alikuwa anatazama simu yake. Kabla yangu alikuwa amesimama mama aliyezika watoto, na ukumbi mzima ulikuwa bado unapangusa macho. Nilipomaliza, yule aliyekuwa anaongoza akaniuliza, kwa upole kabisa, "Na wewe mwenyewe? Maana naona wewe si wa hapa. Ulifikaje?"

Wewe si wa hapa. Nilikuwa nimelisikia hilo kila siku kwa miaka. Na jibu la kweli lilikuwa dogo: nilimfuata mwanaume kwa sababu niliona aibu mbele ya wenzangu, na kwetu kulikuwa na kitanda changu kinaningoja. Nikaona jibu hilo halinistahili. Nikasema mama yangu alinifukuza nikiwa na mimba. Nikaona yule jaji ameweka simu chini. Nikaendelea. Nikasema aliniambia, kama hapa hapakutoshi, nenda. Nusu ya pili nikaikata, kama tunavyokata sauti studio tusipoitaka. Nikasema alinifungia mlango na mvua ilikuwa inanyesha. Ile mvua sijui niliitoa wapi, Ineza. Ilikuja yenyewe, kama kitu kilichokuwa kinangoja kuitwa.

Watu walilia. Tulishinda. Vipaza sauti vizuri, kompyuta, na kodi ya jengo la mjini tulipo mpaka leo, vyote vilitoka siku ile.

Nilijiambia nimesema mara moja tu, yamepita. Lakini gazeti likaandika. Redio nyingine zikaniita. Kisha tukaanzisha kile kipindi chetu cha Nilikotoka, wanawake wanakuja kusimulia walivyoanza, na Furaha, ambaye aliamini kila neno langu, akasema kipindi kianze na sauti yangu kutoka siku ile ya hotelini. Nilisema hapana mara moja. Aliponiuliza kwa nini, sikuwa na sababu ya kumpa. Basi kila wiki watu wakasikia, "Mama yangu alinifungia mlango, mvua inanyesha, nikaapa kwamba siku moja sauti yangu itapita kwenye ukuta wowote."

Wewe uliyajua kwa moyo. Wageni walikuwa wanakuja nyumbani, unasimama juu ya kigoda, unayasema yote na kuweka mkono kifuani pale ninapoapa. Walikuwa wanapiga makofi. Mimi nilikuwa napiga makofi. Baba yako alikuwa anatoka kwenda kuangalia tairi.

Usimfikirie vibaya baba yako. Aliniambia mapema, "Mama yako, Kabula, hakufukuza mtu." Nikamwambia mambo ya redio hayajui. Alinitazama, na tangu siku hiyo kipindi kile kikianza anazima au anatoka. Wewe ulifikiri hapendi kusikia habari za mateso yangu.

Kulikuwa na kitu kilichonisaidia kujidanganya, na nitakiandika pia, maana nataka uyaone yote. Mama mmoja wa Nyakiriba alikuja mpaka ofisini na gunia la viazi kunishukuru. Alisema alikuwa hajaongea na mama yake tangu alipoolewa, akasikia kisa changu, akaona mwenzake ameumizwa zaidi na bado anaishi, akaenda kwao wakapatana. Nilivipika vile viazi. Wakasema hawa na wale kwamba nimewapa nguvu. Nikawa najiambia, kama uongo unawaponya watu, ni dawa. Sikuwa na ujasiri wa kuuliza aliyelipia hiyo dawa ni nani.

Aliyelipia alinipigia simu.

Mtu alikuwa ametuma ile sauti kwa simu mpaka Sengerema, na kule sauti yangu wanaijua. Mama hakupiga kwa hasira. Alinisalimu, akauliza habari zako, za baba yako, kisha akasema, "Hivi, Kabula, ni mlango upi niliokufungia? Maana wetu haukuwa na komeo."

Nikamwambia, "Mama, hayo ni mambo ya redio tu."

Nikasikia kuku wake. Akasema, "Haya. Kama yanakupa riziki, sema." Akaniuliza kama bado unakohoa.

Ungemjibuje mtu wa namna hiyo? Mimi nilimjibu kwamba hukohoi tena, nikakata simu nikaingia studio.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu haitaki. Ulikuwa na miaka tisa, huenda unakumbuka zaidi yangu. Bibi alikuja kututembelea. Alileta michembe, alikuwa ametoka pia na kuku hai aliyemficha kwenye kikapu mpaka mpakani wakamkamata kuku. Wewe hukutaka kumsogelea. Siku mbili ulikuwa unamtazama kwa pembeni. Siku ya tatu tukiwa mezani, Furaha naye yupo, ulimuuliza mbele yetu wote, "Bibi, kwa nini ulimfukuza mama mvua ikinyesha?"

Alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini, akanitazama mimi. Hakunitazama kwa ukali. Alikuwa ananipa nafasi, Ineza. Alinisubiri kabisa, muda wa kutosha mtu kufungua kinywa, na nilichofanya ni kuchukua birika na kumwongezea Furaha chai ambayo hakuiomba.

Akageuka kwako. Akasema, "Nilikosa, mjukuu wangu. Unisamehe."

Ulisema hutamsamehe mpaka mama asamehe kwanza. Furaha alikuwa analia. Alisema lazima turekodi jambo hilo, watu wasikie mama na binti wakipatana, kuna familia ngapi zinalihitaji. Nilikuwa naweza kusema hapana. Ningeweza kusingizia mama amechoka. Sikusema, kwa sababu sehemu fulani ndani yangu, na hii ndiyo naionea aibu kuliko zote, ilikuwa imeshaona kipindi kitakavyokuwa kizuri.

Kesho yake tulimkalisha studio. Zile spika za masikioni zilikuwa zinateleza juu ya kitambaa chake, akawa anazishikilia kwa mikono miwili. Furaha akamuuliza taratibu. Bibi yako akasema kwenye kipaza sauti kwamba alimfungia mlango binti yake, na kwamba mzazi akiwa na hasira hufanya mambo ya kijinga, na kwamba anaomba radhi. Alisema kwa kifupi, kama mtu anayesoma tangazo la kanisani. Kisha Furaha akanigeukia.

Nikasema, "Nakusamehe, mama."

Nilimsamehe. Mimi. Watu wote wanasikia.

Hakuna kipindi chetu kilichosikilizwa kama kile. Bibi aliondoka siku ya pili yake asubuhi. Pale stendi alinishika shavu akasema nimekonda.

Yaliyompata huko nyumbani nimeyajua kwa vipande, kutoka kwa Tabu, ambaye miaka miwili hakutaka kuongea nami. Mama alikuwa kiongozi wa wanawake kanisani kwao. Aliomba kupumzika kabla hawajamwomba. Wakati kipindi kile kinafika kule, alikuwa na msichana mmoja mjamzito kwake, wa miaka kumi na sita. Shangazi wa msichana akasikia sauti ya mama mwenyewe anakiri kwamba alimfukuza mwanawe. Akaja kumchukua, akisema hawezi kumwacha binti kwa mtu kama huyo. Mama alimfungia mizigo yake. Tabu anasema hakujitetea, alimwambia tu shangazi kwamba binti hapendi maharage. Baada ya huyo, hakuletwa mwingine. Kile chumba cha nyuma sasa wanahifadhia mahindi.

Nimekuwa nikiwaza juu ya msichana yule. Sijui alijifungua wapi. Mwanawe atakuwa anakaribia miaka kumi sasa.

Utafundishwa kazi hii ya habari vizuri kuliko mimi niliyejifunza mlangoni mwa duka la magodoro. Watakufundisha kuuliza, kukata, kupanga. Kitu kimoja tu nilichokiona mwenyewe nakupa, nacho si sheria. Mtu anapokupa kisa chake, ndani yake kuna watu wengine ambao hawajaulizwa. Mama wa mtu, mume wa zamani, jirani. Wako kimya kwa sababu hawako chumbani. Mimi nilijua jinsi ya kumfanya mtu aongee. Wale ambao hawakuwepo sikuwafikiria, na mmoja wao alikuwa amenibeba tumboni.

Nilikuwa nimejizoesha kuishi hivyo. Kilichonikamata ni wewe. Wiki iliyopita baba yako alisema mezani kwamba ukifika Mwanza uende kumwona Bibi, na siku za likizo ukae kwake. Ukasema, "Siendi kwa mtu aliyemfukuza mama yangu. Nitabaki hosteli hata kama chuo kimefungwa." Uliniwekea mkono juu ya mkono wangu uliposema. Ulikuwa unanilinda. Baba yako aliweka kijiko, akanitazama vilevile kama mama alivyonitazama mwaka ule, naye akanipa muda. Nikasema kila mtu na moyo wake. Akasukuma kiti akatoka.

Usiku ule sikumfuata. Kesho yake nilimfuata Furaha. Nilimkuta anahariri, nikamwambia azime mashine. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe, kuanzia jikoni kwetu. Hakunikatiza. Unamjua, huwa hakosi la kusema. Nilipomaliza akauliza, "Donc, kumbe ile siku niliombesha mama ya mutu musamaha bule?"

Nikasema ndiyo.

Alivaa koti akaenda kwake, siku mbili hakuja kazini. Siku ya tatu alikuja, ameshaondoa sauti yangu mwanzoni mwa kipindi na kile kipindi cha Bibi mahali pote tulipokiweka. Hakuniambia amenisamehe, na sikumwuliza. Aliniuliza tu kwenye kipindi cha Jumamosi nitakaa kiti kipi, cha mtangazaji au cha mgeni. Nitakaa cha mgeni. Ataniuliza yeye. Nitasema jina langu na nitasema yote, pamoja na ile chai. Wafanyakazi wetu wanaogopa kwamba watangazaji wa biashara watatukimbia, na pengine watatukimbia. Yule mama wa Nyakiriba atasikia. Nimejaribu kufikiria uso wake, nimeshindwa. Lakini sikutaka Nyakiriba ijue kabla yako.

Asubuhi ya leo, ulipokuwa unafua viatu, nilimpigia mama. Nilimwambia unasafiri kesho. Akauliza unakula nini, unaogopa mbwa au huogopi, kama bado una ule usingizi mzito. Nikamwambia naandika barua, naandika kila kitu kilivyokuwa. Nilifikiri atafurahi. Nilifikiri hata atalia.

Alisema, "Mwache mtoto. Mimi niko mbali, anichukie mimi. Wewe akikuchukia utamwona kila asubuhi."

Miaka yote hii, Ineza, kumbe hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake. Alikaa pale mezani kwetu na kikombe chake, akapima nani kati yetu anaweza kubeba chuki yako bila kuvunjika, akajichagua.

Nilimwambia, "Mama, kuanzia kesho wewe ndiye wa karibu. Mimi ndiye wa mbali."

Nilisikia amemwita Tabu, anamwambia waondoe mahindi chumba cha nyuma.

Nitaiweka barua hii mfuko wa mbele wa begi, chini ya pasipoti, uikute Rusumo ukiirudisha pasipoti baada ya kuvuka. Najua hata hilo ni woga, nimeshindwa kukaa mbele yako ukisoma. Ukinikasirikia, kasirika, hujanikosea. Usipotaka kupokea simu yangu, nitaendelea kupiga mpaka uniambie niache, nami nitaacha. Ile filamu, kama bado unaitaka, unajua sasa ni ya nani.

Sina haki ya kukuomba kitu, lakini mzazi huomba hata asipokuwa na haki. Usinijibu upesi. Nenda kwake kwanza. Mwamkie kwa Kisukuma, sema mwangaluka, salamu ya asubuhi, hata kama ni jioni, atafurahi tu. Kaa naye jikoni. Halafu ndiyo unijibu.

Mama yako,
Kabula